Jinsi Tulivyomshusha Wendell

Barasa na Neema, mnaoirithi meza yangu ya kazi, droo yake ya tatu hukwama baridi ikiingia. Msiivute kwa hasira. Inueni kidogo upande wa kushoto, ndipo mvute, itakuja. Ndani mna koleo ndogo, kipande cha sabuni ya mche cha kulainishia vigingi vya kukazia nyuzi, na miwani yangu ya zamani ambayo sasa ni yenu. Naandika kwa Kiswahili makusudi, ili Nils mwenye duka asisome nitakayosema juu yake, na ninyi msipate kisingizio cha kusema hamkuelewa. Neema, najua Kiswahili changu cha Bungoma kitakuuma meno. Vumilia tu, dada yangu.

Kanisani kwetu hapa Saint Paul, Mkenya mgeni huulizwa maswali mawili: umefika lini, na uko hospitali gani. Mimi niliposema natengeneza magitaa, Mama Kevin alinishika mkono akaniambia ataniombea. Nikachoka kuombewa. Kuanzia hapo nikawa najibu, "Nawaangalia wazee," na wote wakaridhika. Haukuwa uongo. Mtu akitaka kujua maana ya kuangalia wazee, aje akae Jumapili mchana na bendi ya Wendell.

Gitaa nilifundishwa na baba. Alipiga kwenye matanga na harusi, na nyuzi zikikatika alifumua kebo ya breki ya baiskeli ya jirani, hasa jirani ambaye hakumpenda. Mimi nilikuwa mshika koleo. Wamarekani hushangaa sana wakisikia kwamba mwanamke wa Bungoma anaujua muziki wa kantri. Huwauliza, ninyi mnadhani redio zetu Jumapili zilikuwa zikipiga nini? Mama yangu alikuwa akilia juu ya sufuria ya mboga kwa sababu ya mtu aliyeachwa na mkewe huko jangwani, na hakuelewa neno hata moja.

Siku yangu ya kwanza dukani, Nils aliniambia maneno ambayo nawapa bure: "Lisikilize gitaa kwanza kabla ya kushika bisibisi." Halafu akaenda kutafuta chakula. Dakika kumi baadaye akaingia mzee mrefu, mwembamba, kofia kichwani, na gitaa la rangi ya chungwa lenye tumbo kubwa. Akasema kitufe cha sauti kinakoroma, akaliacha, akatoka kuvuta sigara. Huyo ndiye Wendell. Mimi sikujua kwamba mjini humu wapigaji wenzake walikuwa wakija kukaa mbele yake ili wahesabu vidole vyake, maana walikuwa na hakika ana sita.

Basi nikasafisha kile kitufe. Nilipomaliza, nikaziangalia zile nyuzi. Woi! Nyeusi, nzito, zimekufa kabisa, ukipiga zinasema *dumu* kama ndoo. Nikaona huruma, nikasema huyu mzee nimtendee wema. Nikazitoa zote sita, nikaweka mpya zinazong'aa, na ubao wa vidole nikausugua mpaka ukatoa harufu ya limau. Aliporudi akaguswa na furaha, au hivyo ndivyo nilivyodhani, maana machozi yalimlengalenga.

"Nyuzi zangu ziko wapi?" akauliza.

"Kwenye pipa la taka."

"Zilikuwa na miaka kumi na moja," akasema, taratibu, kama mtu anayetaja umri wa marehemu.

Barasa, uliwahi kunikasirikia kwa sababu nilikukataza kumpa mteja kitu asichoomba. Sasa unajua nilikotoa ukali huo. Ule mlio wa *dumu* ndio uliokuwa jina lake. Nikainama kwenye pipa, nikazitoa nyuzi katikati ya maganda ya machungwa ya Nils, nikazifuta, nikaanza kuzirudisha moja moja. Wa nne ukakatika. Nikasimama pale nikiwaza tikiti ya ndege ya kurudi Nairobi. Halafu nikakumbuka kazi ya baba: nikaunganisha kipande kwa fundo dogo nyuma ya daraja, kile kijiti kinachoinua nyuzi, mahali ambapo uzi haulii, ili fundo lisiguse sauti. Nikakaza polepole huku nikisali. Ukashika. Wendell akapiga, *dumu*, akainua nyusi.

"Nani alikufundisha hilo fundo?"

"Baba yangu. Kwetu nyuzi zilitoka kwenye baiskeli."

Akashusha gitaa. "Una shughuli gani Jumapili baada ya kanisa?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya pili, kutunza vyombo vya bendi yake, nikaishika miaka ishirini na mbili.

Bendi ilikuwa ya watu watatu, ikipiga kila Jumapili mchana kwenye ukumbi mmoja wa chakula. Wendell gitaa. Gus alipiga besi la kusimama, lile kubwa kama kabati, na alikuwa mtu wa maneno tisa kwa wiki, sita kati yake yakiwa "ndiyo." Na Marlys alipiga kinanda na kuimba. Marlys alikuwa amewahi kuwa mke wa Wendell kwa miaka minane, wakaachana, akachukua nyumba na mbwa, na Jumapili iliyofuata akaja kazini kama kawaida. Nilipomwuliza aliwezaje, alisema, "Mume alikuwa mbaya. Mpiga gitaa hakuwa na kosa."

Wendell alikuwa na desturi moja ambayo lazima mwielewe, la sivyo hamtaelewa dhambi yetu. Alivichukia vile vyombo vya betri vya kulinganishia sauti. Kila Jumapili alisimama kando ya kinanda akasema, "Nipe A." Marlys akabonyeza, yeye akafuata kwa sikio, na gitaa zima likapangwa kutoka noti hiyo moja. Tangu ujana wao, kabla ya ndoa, ndani ya ndoa, na baada. Waligawana hata vijiko, lakini hiyo A hawakuigawa. Shoo ikiisha alinikabidhi gitaa nikalilaza dukani hadi Jumapili. Rekodi zake hakuzisikiliza kamwe. Alisema ni sawa na kujitazama ukila.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Miaka minane iliyopita, katikati ya wimbo wa haraka ambao kila mtu alikuja kuusikia, Wendell alivuta uzi wa pili ili noti ipande, na noti haikufika. Ilikwama njiani. Watu hawakusikia, walikuwa wakipiga meza. Mimi nilisikia. Nikamwona Marlys amekaza taya, na Gus amefumba macho.

Kwenye maegesho ya magari, Gus alitumia maneno yake ya wiki nzima. "Mkono wake umeanza kwisha," akasema.

"Hatasema," akajibu Marlys. "Na siku atakayokubali, ataacha. Ameniapia mara mia: siku vidole vikikataa, gitaa chini, basi." Kisha akatueleza kitu ambacho sikukijua. Mwaka mmoja Wendell alivunjika mkono kwenye barafu. Wiki saba alikaa kwenye ile nyumba yake ya kupanga huko Hopkins, mapazia yamefungwa, hali, hapokei simu. Marlys ndiye aliyemwogesha, na wakati huo walikuwa wameshaachana. "Akiacha kupiga," akasema, "tutamzika kabla theluji haijayeyuka." Alikuwa akilia waziwazi, na Marlys si mtu wa kulia.

Wazo lilikuwa langu. Sitamsukumia mtu. Baba alipozeeka alilegeza nyuzi zote kidogo na kuimba chini, na uzi ukilegea, kidole hakihitaji nguvu. Kinanda cha Marlys kilikuwa cha umeme, kina kitufe cha kushusha sauti zote kwa pamoja. Nikasema, "Wendell hufuata A yako, sivyo? Basi mpe A ya chini kidogo. Nusu ngazi tu. Gus naye ashushe besi. Kila kitu kitalingana, na nyuzi zitalegea zenyewe kwa mkono wake mwenyewe."

Marlys akaniangalia. "Ninyi huko kwenu mnafundishwa haya shuleni?"

"Matangani," nikasema.

Jumapili iliyofuata akasema, "Nipe A." Marlys akabonyeza ule uongo bila hata kupepesa. Wendell akalegeza, akalegeza, akakunja uso. "Unyevu umelikaza gitaa," akasema. "Ndiyo," akasema Gus. Akapiga kama kijana. Uzi wa pili ulipanda mpaka juu, ukakaa, ukatetemeka, na mimi nyuma ya jukwaa nikaruka kama mtu aliyeona goli.

Lakini mzee alikuwa na akili, ilibidi apewe sababu ya mkono wake kupona ghafla. Nikampelekea kopo la mafuta. "Haya ni ya kwetu, dawa ya viungo. Jipake kabla ya kazi." Yalikuwa mafuta ya mgando ya dukani niliyochanganya na mkaratusi jikoni kwangu. Haki ya Mungu, alipona! Akayasifu kila mahali. Baada ya mwezi, nusu ya wapigaji wazee wa Minneapolis walikuwa wakiingia dukani kwa Nils bila gitaa lolote, wakininong'oneza kuomba "yale mafuta ya Kiafrika." Nilijaza makopo kama mtu wa kiwandani. Wakaniletea keki na bakuli za viazi na nyama za kuoka hadi friji ikakataa kufungika. Mpiga ngoma mmoja aliapa yamemtibu hata goti, na goti hakuwahi kulipaka.

Mwaka uliofuata mkono ulizidi. Tukashusha nusu nyingine. Kisha ya tatu. Marlys alifurahi zaidi, maana sauti yake ya juu ilikuwa imeaga siku nyingi. Tulienda hivyo miaka sita, na sitawadanganya, tulijipongeza sana. Tulijiona wajanja, tena wema. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wa yetu ulitoka Inver Grove Heights.

Huko ndiko aliishi binamu yake Marlys, mzee Stan, mpiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta kifuani, kwenye harusi na dansi za polka, aliyepiga hata kwenye harusi ya Marlys na Wendell. Marlys alikuwa akitimiza miaka sabini na tano. Wendell, bila kumwambia yeyote kati yetu, alimwalika Stan aje kama zawadi ya ghafla. Na sisi tukamwona akinong'ona na mwenye ukumbi, tukadhani anaagiza keki! Wote wanne tulikuwa na siri Jumapili ile.

Baada ya mapumziko Wendell akasema, "Marlys, nina mtu hapa." Pazia likafunguka, Stan akatokea na kodiani kifuani, watu wakapiga makofi, Marlys akaweka mikono mashavuni. Kabla sijaelewa, Wendell akahesabu moja, mbili, tatu, nne. Na kodiani, watoto wangu, haina kigingi cha kukaza wala kitufe cha kushusha. Iko pale ilipoundwa.

Sijui niuelezeje ule mlio. Fikirieni punda anagombana na mlango wa chuma. Stan, mtu wa heshima za Minnesota, alidhani kosa ni lake. Akawa anapiga huku akisema, "Samahani, samahani sana." Watu nao wakapiga makofi kwa adabu. Wendell akainua mkono, kukawa kimya.

"Stan," akasema. "Nipe A."

Stan akavuta kodiani.

"Marlys. Nipe A."

Marlys hakutaka. Wendell alisubiri. Mwishowe akabonyeza, na ukumbi mzima ukasikia A mbili ambazo si ndugu. Wendell akamtazama Marlys, akamtazama Gus, kisha akageuka kunitafuta mimi nyuma ya jukwaa. Nilitamani sakafu inimeze. Akaliweka gitaa kwenye stendi, akachukua koti lake, akapita katikati ya meza, akatoka.

Wiki tatu hakupokea simu. Marlys alipita Hopkins kila siku, mapazia yamefungwa. Nilikuwa nikikosea kazi dukani, nikachoma hata waya wa mteja. Nilijua nimefanya nini. Nilikuwa nimejaribu kumzuia asiache, na sasa ameacha kwa sababu yangu, na kama angekufa mle ndani ningekuwa nimemuua kwa wema wangu.

Wiki ya nne simu ililia. "Njoo na gitaa," akasema. "Lipandishe linapostahili. Walete na wale wawili."

Tulimkuta amenyoa ndevu, amekonda. Hakutukaribisha kuketi. Akachukua gitaa, nyuzi zimekazwa kikamilifu kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, akaanza ule wimbo wa haraka. Alifika ubeti wa pili. Pale kwenye uzi wa pili mkono ukajifunga, vidole vikajikunja kama vya mtu anayeshika kikombe, na havikufunguka. Akavifungua kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, mbele yetu. Nilianza kulia, sikujizuia.

"Sasa mmeona," akasema. "Kila Jumapili nilikuwa naamka saa kumi na moja na kuloweka mkono kwenye maji ya moto, ili ninyi msijue. Nilidhani mkijua, mtaniacha. Hata gitaa langu jingine la nyumbani nilikuwa siligusi, ili nibakize nguvu kwa ajili yenu." Akamgeukia Marlys. "Miaka sita unanipa A ya uongo. Wewe."

"Ulikuwa utaacha, Wendell!"

"Huenda ningeacha. Huenda nisingeacha. Lakini lilikuwa langu hilo, Marlys, si lenu." Kisha akanigeukia mimi, na nikajiandaa kufukuzwa.

"Na mafuta?" akauliza.

Nikafuta pua. "Mafuta ya mgando na mkaratusi."

"Nimempa kopo daktari wangu," akasema.

Gus ndiye aliyeanza kucheka. Miaka yote ile sikuwa nimemsikia Gus akicheka. Alicheka kwa sauti nyembamba kama ya kuku, akashika ukuta. Wendell akajaribu kubaki na hasira, akashindwa. Tulipotulia, akaninyooshea gitaa.

"Nishushie," akasema. "Lakini uniambie ni kiasi gani. Kila mara."

Akapiga miaka miwili zaidi, Stan akiwa nasi, maana Stan alikuwa na sikio zuri kuliko sisi sote na alijifunza kuhamisha vidole vyake. Kila Jumapili, kabla ya A, Wendell alikuwa akiniuliza mbele ya kila mtu, "Tuko wapi leo?" Nami nikamjibu ukweli: "Tatu chini." Watu wa meza za mbele wakaanza kupiga makofi kwa hilo jibu, kama vile tumetangaza matokeo ya mpira. Hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio chake.

Masika haya nikasema, "Nne." Akaitikia kwa kichwa, akapiga shoo nzima, hata ule wimbo, na uzi wa pili ulifika. Tulipokuwa tukifunga vitu akaniuliza, "Ya tano ipo?"

Zamani ningemwambia ipo, tena tamu. "Ipo," nikasema, "lakini nyuzi zitaning'inia kama kamba ya nguo."

Akakaa juu ya spika akafikiri. Marlys alikuwa amesimama na funguo za gari mkononi, hajasogea.

"Basi inatosha," akasema.

Usiku ule Marlys na mimi tulipigiana simu mara tatu, kila mmoja akitaka mwenzake aseme kwamba atakuwa salama. Hakuna aliyeweza kusema. Jumapili iliyofuata kiti cha gitaa kilikaliwa na mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa mwanafunzi wa Wendell, mwanamke wa makamo, fundi kwelikweli. Nilimpangia nyuzi kwenye A kamili, kule juu kabisa. Saa ya kuanza ilifika, na mimi macho yangu yalikuwa mlangoni tu, sikusikia hata neno la Marlys.

Wendell aliingia wakati wa wimbo wa pili. Alikuwa na kofia yake, mikono mitupu. Akakaa meza ya mbele, akaagiza kahawa na viazi, akasikiliza huku amekunja uso. Wimbo ulipoisha akaniita kwa kidole.

"Yule bibi gitaa lake liko juu mno," akaninong'oneza. "Nenda ukamrekebishie."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo, nijifanye nimeenda kugusa vigingi, nirudi.

"Hapana, Wendell," nikasema. "Hiyo ndiyo A yenyewe. Sisi ndio tulikuzoesha chini."

Akageuza kichwa kuelekea jukwaani, akasikiliza wimbo wote uliofuata bila kugusa viazi vyake.

"Basi nipeni muda," akasema. "Nitaizoea."